Siku ya Muwa wa Mwisho

Kambi ya Port Hudson,
Jumapili, Januari 15, 1865

Dada yangu Azema,

Pokea salamu zangu, na umpe Telside zake, umwambie mjomba bado ana masikio yote mawili. Kwanza nauliza hali yako. Lile goti vipi, baridi hii haijakuangusha? Na kifua cha mtoto? Mimi huku ni mzima wa kutembea. Homa ilinishika mwezi wa kumi na moja ikaniachia baada ya wiki mbili, sasa nakula, naamka, nasimama zamu, siku zinafanana. Sina la kulalamika ila uchovu, na uchovu huku kila mtu anao kwa hiyo hakuna anayeutaja.

Salamu na kwako Bi Clemence unayemsomea dada. Najua umeacha sindano zako ukatembea mpaka huko. Nakuomba jambo moja. Isome yote kama ilivyo, polepole, hata ukifika pahali ukaona heri usitamke. Usinionee huruma mimi wala usimwonee yeye. Mwandiko ni wangu mwenyewe, sikumwomba mtu, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka.

Huku tuna shule, dada. Mke wa mchungaji wa kikosi anatufundisha chini ya turubai baada ya gwaride. Mimi nakaa nyuma kabisa, karibu na kamba za hema. Nadhani sauti yangu hakuijua mpaka juzi, maana sijawahi kunyoosha mkono, lakini daftari langu analichukua, analisahihisha, ananirudishia bila kusema kitu. Namshukuru kwa hilo. Chakula ni kilekile, biskuti ngumu za kugonga na kitako cha bunduki, nyama ya nguruwe ya chumvi, kahawa. Vita huku vimehama. Tunachimba mitaro, mvua inaifukia, tunachimba tena. Wale tuliokuja nao mwanzo wengi wako pale mlimani chini ya vibao, na nusu yao hawakuuawa na risasi, ni kuhara.

Barua yako niliipata kabla ya Krismasi. Nimeikunjua na kuikunja mpaka imekatika kwenye mkunjo. Unasema Madamu Landreneau amekuambia mambo ni yaleyale, kwamba hiyo katiba mpya ni ya watu wa New Orleans na haiwahusu nyinyi wa mashamba. Unasema mwezi wa pili ukianza utaweka alama yako kwenye karatasi ya kazi ya mwaka mzima, na Telside atahamia nyumba kubwa, atalala kwenye mkeka miguuni pa kitanda cha Madamu, amchane nywele na kumwaga beseni lake, mpaka awe mtu mzima. Unasema utaweka hiyo alama, kwa sababu ukikataa wataletwa askari, na mara ya kwanza walipoletwa unajua walikuachia nini. Kisha umeandika maneno haya, nayarudia kama yalivyo: "Karatasi moja ya Rais ilinitosha. Alisema tuko huru, askari wake wenyewe wakaja wakamchukua mume wangu. Nyingine nisiletewe."

Nimekaa na maneno hayo wiki tatu. Telside ana miaka tisa. Mtu akishaingia ile nyumba kwa alama ya mama yake, hatoki kirahisi. Nimeandika barua tano za kukujibu, zote nimewashia moto wa kahawa. Hii ni ya sita na nitaituma.

Nikueleze kwanza kilichonifanya niiandike. Tuko wanne hemani. Mmoja ni wa ng'ambo, Mississippi, jitu refu linalopenda kujisema. Usiku mmoja alikuwa anatuchekesha. Anasema Rais alitoa lile tangazo la uhuru mwezi wa kwanza, yeye akawa huru kuanzia siku hiyo, ila hakuna aliyemwambia mpaka mwezi wa sita. Kwa hiyo miezi mitano alikuwa mtu huru anayechapwa. Anasema angejua angemwambia nyapara achape taratibu, huyu ni mgongo wa mtu huru. Tukacheka sana. Halafu akanigeukia, akaniuliza, na wewe bubu, tangazo lilikukuta wapi? Nikajifanya nimelala. Wakacheka tena, wakasema Valsin anaweza kulala hata akiulizwa jina lake. Sikulala, dada. Nililala asubuhi, kwenye zamu, nikaadhibiwa.

Basi sasa nataka tuirudie ile siku. Najua ulikuwepo. Lakini Bi Clemence hakuwepo, na mimi nahitaji kuipitia hatua kwa hatua ili nifike ninapotaka kufika.

Ilikuwa siku ya muwa wa mwisho, Januari ile ya mwaka wa sitini na tatu. Miwa ilichelewa mwaka ule kwa sababu ya vita. Ursin mumeo ndiye aliyechaguliwa kuukata, na wewe ndiye uliyeufunga utepe wa bluu, ulioutoa kwenye gauni lako la harusi. Mkaja na mkokoteni mkiimba mpaka kiwanda cha sukari, wanawake mbele, nyumbu wamevishwa vitambaa, Madamu amesimama barazani anapunga mkono kama kila mwaka. Bwana Pruitt, msimamizi, alikuwa ameshakunywa. Mimi nilikuwa ndani, kwenye mapipa, na mzee Zenon.

Wakati huo mlikuwa mmeshapanga kuondoka Jumapili. Mimi nilijua, Zenon alijua, basi. Mzigo ulikuwa tayari kwenye blanketi la kijivu chini ya kitanda. Ursin alishaongea na mtu wa kambi ya askari wa Kaskazini pale Donaldsonville. Waliofika pale kwa miguu yao hawakuwa wakirudishwa, wanaume walipewa koleo, wanawake walipewa nguo za kufua, na hakuna bwana aliyewaingilia humo. Ni mwendo wa usiku mmoja tu kufuata tuta la mto.

Ursin aliingia na kofia mkononi, na ndani ya kofia kulikuwa na gazeti. Mpakiaji wa meli alimpa. Akasema humu mna maneno ya Rais yenyewe, siyo ya kusimuliwa, na anayeweza kutusomea ni mmoja. Nikatazama chini. Unajua nilivyosoma wakati ule. Nilijua herufi kwa sababu ya mapipa, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kushika lile bati lililotobolewa na kupaka rangi nyeusi juu yake, jina la shamba, jina la wilaya, jina la mnunuzi. Maneno mengine nilijiokotea hapo. Wakanisukuma mpaka karibu na masufuria ya kuchemshia sukari ambako kuna mwanga. Watu sitini labda. Zenon akasema, haya mwanangu, soma kama unavyokula, usidondoshe. Mwanamke mmoja nyuma akasema huyu sauti yake hata mbu haimwamshi. Wakacheka, nami nikaanza.

Nilisoma vibaya, nikisimama kila neno. Lakini yalipofika yale maneno, kwamba watu wote wanaoshikwa utumwani katika majimbo yanayoasi watakuwa huru tangu hapo na siku zote, hakuna aliyecheka tena. Nikasoma majina ya majimbo. Arkansas. Texas. Nikasoma Louisiana. Na wewe dada ukakaa chini pale pale kwenye maganda ya miwa. Nikaendelea, Mississippi, Alabama, mpaka mwisho, na pale anaposema wanaume wetu watapokewa jeshini Ursin akanipiga mgongo mpaka nikakohoa. Ukalichukua gazeti mkononi mwangu, ukalibusu, ukanirudishia. Nimeona mambo mengi tangu hapo, nimeona ngome ikianguka, lakini sijaona tena watu wakiwa kimya namna ile.

Jioni yake Ursin akauvuta mzigo kutoka chini ya kitanda akaufungua. Nilikuwa mlangoni. Ulimwuliza anafanya nini, akasema, "Mtu huru hapiti vichakani usiku. Tukitaka kuondoka tutaondoka mchana, kwa barabara, na tutamuaga Madamu." Ukacheka, ukarudisha sufuria yako kwenye kigingi chake.

Kesho yake hakuna aliyegusa jembe. Ursin alikwenda kwa Bwana Pruitt na kofia kichwani, akamwambia kwa adabu kabisa kwamba wako tayari kufanya kazi wakishajua ujira. Pruitt hakubishana, alipanda farasi akaenda mjini. Siku ya pili alirudi na askari wa Kaskazini, makoti ya bluu, na watu wakatoka kuwapokea wakidhani wamekuja kwa ajili yao. Afisa alikuwa kijana, amechoka, ana tope mpaka magotini. Alisema kila mtu arudi shambani. Alisema tangazo la Rais haliihusu wilaya hii. Ursin akamjibu, "Bwana, hilo nimesomewa. Labda wewe hukusomewa." Watu wakacheka, afisa hakucheka. Ursin akageuka akaniita. Akasema Valsin, lete lile gazeti, msomee bwana huyu maneno ya Rais wake.

Nilikuwa nyuma ya mapipa. Nikasema gazeti nimelitupa tanurini, liliungua.

Basi ikawa neno la Ursin na neno la afisa. Ursin hakusogea. Akasema hatarudi shambani mpaka aoneshwe kwa maandishi ni nani aliyeyafuta maneno ya Rais. Wakamfunga kwa kosa la ukaidi, wakampeleka kwenye tuta lililobomoka, na mnyororo mguuni, kujaza magunia ndani ya maji ya Januari. Wewe ulipeleka chakula mara mbili wakakuruhusu, mara ya tatu wakakuambia amekufa kwa mapafu. Mwezi wa tatu mimi nikatoroka nikaja jeshini. Ulidhani nimekwenda kumlipia kisasi. Ulinibariki mlangoni.

Tangu hapo watu wamekuambia, najua, hata Bi Clemence huenda amekuambia, kwamba tangazo lile kweli halikuihusu wilaya yetu. Na wewe umewajibu wote neno moja, kwamba ulisikia kwa masikio yako, kwamba mdogo wako ndiye aliyesoma, na mdogo wako hajui kusema uongo maana hata kusema kwenyewe hajui.

Hapa Bi Clemence usipunguze kitu.

Dada, nililiruka. Katika lile gazeti, baada ya neno Louisiana, kulikuwa na alama mbili zilizopinda, kama mbao mbili za pipa ambazo hazijafungwa pete. Ndani yake palianza na neno isipokuwa. Kisha yakafuata majina ya wilaya, moja baada ya moja, zile ambazo askari wa Kaskazini walikuwa wameshazishika. Rais alikuwa anawafungua watu wa wale wanaopigana naye. Sisi bwana wetu alishasalimu amri, kwa hiyo sisi tuliachwa. Majina mengi niliyabahatisha. St. James nililibahatisha. Lililofuata sikulibahatisha. Neno hilo nimelipaka rangi juu ya vichwa vya mapipa tangu nina miaka kumi na moja, herufi tisa, ningelijua gizani kwa kidole. Ascension. Katika gazeti zima hakuna neno nililolisoma vizuri kuliko hilo.

Sikukosea, dada. Nisingekosea hata kwa makusudi. Nililiona, nikainua macho, nikawaona nyote mnaningojea, wewe umekaa kwenye maganda na mikono imefunika mdomo, na maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuningojea niseme kitu. Nikasema Mississippi.

Niliwaza nitawaambia jioni, wakishafurahi kidogo. Jioni Ursin akafungua mzigo, na mimi niko mlangoni, nikaona utepe umeurudisha kwenye gauni unaushona, nikaenda zangu kulala. Mzee Zenon alinijia asubuhi yake. Aliliomba gazeti alitazame tu, yeye hasomi, lakini lile bati ni yeye aliyelitoboa, na lile neno alilikuta. Akanitazama. Akasema Rais amewafungua ng'ombe wa jirani, wa kwake amewaacha kwenye kamba. Halafu akasema, "Waambie sasa hivi. Sasa hivi bado watasema ulikosea kusoma." Nikamwambia naenda. Sikwenda. Naye hakusema, akiniachia mimi, mpaka alipozikwa mwaka jana.

Na gazeti halikuungua. Ursin aliponiita lilikuwa kifuani, ndani ya shati, nalisikia linakwaruza ngozi. Ningelitoa angeliona lile jina, au angeoneshwa. Angerudi shambani amekasirika, angenizaba kofi la kunistahili, na Jumapili mngeondoka kwa tuta la mto na mzigo wenu kama mlivyopanga. Mara ya kwanza labda nilikuhurumieni. Mara ya pili nilijihurumia mimi.

Kwa hiyo Rais hakukudanganya. Afisa yule alikuwa na roho ngumu lakini hakukudanganya. Maneno yaliandikwa jinsi yalivyo, mazuri kwa wengine na mabaya kwetu, na kwa maneno hayohayo ndiyo mimi nimevaa koti hili na ndiyo yule wa Mississippi anachekesha watu hemani. Karatasi ilikuwa na kasoro yake. Uongo ulikuwa wangu.

Ningeweza kukaa nao mpaka nife. Wewe ungeendelea kunipenda, mimi ningeendelea kukutumia salamu. Lakini Madamu anakaa juu ya uongo wangu kama anavyokaa kwenye kiti chake. Anachokuambia unakiamini kwa sababu uliwahi kuiamini karatasi niliyokusomea mimi ikakuumiza. Na bei yake safari hii ni Telside.

Sasa sikiliza hii mpya. Ni katiba ya jimbo letu, ilipitishwa mwaka jana. Mwalimu alikuwa nayo, nimemwomba kwa mdomo wangu mwenyewe, akashtuka kunisikia. Nimeisoma mara nne nikitafuta mabano na nikitafuta jina letu. Inasema utumwa na kazi ya kulazimishwa vimekomeshwa milele jimboni kote. Kote, dada. Hakuna orodha ya wilaya. Kuna isipokuwa moja, na hiyo nakusomea pia: isipokuwa kama adhabu ya kosa, mtu akishahukumiwa kama inavyotakiwa. Hiyo sipendi kuiona hapo. Nimemwuliza mwalimu ina maana gani kwetu, akasema tukae mbali na mahakama. Nakuambia ili ujue imo.

Karatasi ya Madamu si lazima kuitia alama. Hawaruhusiwi kukulazimisha, na mtoto si wake. Watakaokuja na farasi safari hii, kama watakuja, waulize kwa sauti mbele ya watu ni sheria gani. Mjini kuna shule, karibu na ile kambi, inafundisha watoto wetu, na wanawake wanapata kazi ya kufua na ya kupika. Bi Clemence anaijua njia. Mpeleke Telside ajifunze kusoma mwenyewe, asije akamtegemea mtu kama mimi amsomee. Fanya kabla mwezi huu haujaisha.

Na usingoje kwanza kujua utanifanya nini. Hilo litachukua muda wake na huenda lisifike mwisho. Huhitaji kunisamehe ndipo uondoke. Ondoka kwanza.

Nisalimie wote wa safu yetu ya nyumba, na ukipita makaburini nisimamie kidogo kwa mzee Zenon. Kwa Ursin najua hakuna kaburi la kusimama. Bi Clemence, asante kwa kazi ambayo si yako. Telside ukimwambia umwambie yote, akishakuwa mkubwa, au sasa, utakavyoona wewe.

Kuna kimoja kimebaki. Siku naandikishwa jeshini karani aliniuliza jina la pili, akasema askari hawezi kuwa na jina moja kama nyumbu. Watu nyuma yangu walikuwa wanangoja, sikuweza kufikiri, nikataja la kwanza lililonijia. Limo daftarini mpaka leo, wananiita kwalo kila asubuhi, nami naitika. Sikukuomba. Ukilidai nitawaambia walifute.

Mdogo wako,
Valsin Ursin